Kuunga mwenyewe kompyuta ya kuediti picha na video ukiwa Mtwara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ninaulizwa karibu kila wiki na wapigapicha wa Mtwara mjini, Mikindani, Masasi na Lindi. Wengi wao hununua vifaa kwa pesa ya msimu wa korosho. Ni pesa ya mara moja kwa mwaka, na ukikosea kifaa mwezi wa kumi na moja, kosa hilo utaishi nalo mpaka msimu mwingine. Kwa sababu hiyo nimejibu kwa urefu pale ambapo kosa ni la gharama, na kwa ufupi pale ambapo chaguo lolote litakufaa. Bei sikuziandika, maana hubadilika kabla hujafika dukani.

Fundi, pesa ninayo. Ninunue kadi gani ya grafiksi?

Kadi tuiache kwanza. Niambie kamera yako inarekodi nini.

Kila kamera hukandamiza video kabla ya kuiandika kwenye memori kadi, na kompyuta inapocheza klipu hiyo lazima ikandamue kila fremu. Kazi hiyo ikifanywa na sehemu maalumu ndani ya chipu, taimulaini inateleza kama maji. Chipu isipokuwa na sehemu hiyo, prosesa inabeba mzigo wote peke yake, video inakwamakwama, nawe unaanza kuilaumu RAM (memori ya kazi ya kompyuta) bila kosa lake.

Kamera za zamani kidogo na simu nyingi hurekodi H.264 (kodeki, yaani njia ya kukandamiza video) ya biti 8, 4:2:0; biti na namba hizo ni kipimo cha taarifa za rangi zinazohifadhiwa. Karibu mashine yoyote ya miaka kumi hii inaifungua. Shida imeanza na kamera kama Sony A7 IV na Canon R6, ambazo zinaweza kurekodi biti 10 kwa 4:2:2. Rangi zake ni nzuri sana kwa kusahihisha, hasa pale bibi harusi anapokuwa juani na bwana harusi kivulini. Lakini H.265, kodeki iliyofuata H.264, ikiwa ya 4:2:2 haifunguliwi na kila chipu. Prosesa za Intel Core za kizazi cha 12 na kuendelea, zenye grafiksi ya ndani (iliyomo kwenye prosesa yenyewe, si kadi), zinaifungua. Kadi za NVIDIA zimeanza kuifungua kwenye RTX za mfululizo wa 50, zilizotoka 2025. Kadi za NVIDIA za kabla ya hapo haziifungui, hata zile za bei ya kutisha.

Nimeona kijana aliyeuza pikipiki akanunua kadi kubwa, halafu video za kamera yake zikakwama vilevile. Aliokolewa na proksi: programu inatengeneza nakala nyepesi za klipu, unaediti kwa hizo, na wakati wa kutoa kazi inarudi kwenye zile halisi. Proksi ni bure. Ukiwa na mashine dhaifu leo, jifunze proksi kabla ya kununua chochote.

Kwa hiyo fungua menyu ya kamera, andika kwenye karatasi kodeki, biti na kasi ya data, kisha njoo tuzungumze.

Intel au AMD?

Kwa harusi na kamera za 4:2:2, mimi ninaunga Intel yenye grafiksi ya ndani. Angalia herufi iliyo mwisho wa jina: ikiwa na F, kama 12400F, grafiksi ya ndani haipo, na ndiyo maana inauzwa rahisi. Kwa mchezaji wa gemu hilo ni punguzo. Kwako wewe ni hasara, kwa kuwa umeondolewa hasa kile ulichokihitaji.

Core i5-12400 yenye kori 6 (vitengo vya kuchakata ndani ya prosesa) inatosha kuanzia. Ukiweza kupanda hadi i5-12500, panda, kwa sababu grafiksi yake ya UHD 770 ina injini mbili za video pale ambapo 12400 ina moja. i5-13500 yenye kori 14 ni nzuri zaidi. Kwa zile kubwa za kizazi cha 13 na 14, tambua kwamba mwaka 2024 Intel walikiri kasoro ya volti iliyokuwa ikiziharibu taratibu, wakatoa marekebisho. Ukinunua mojawapo, sasisha BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine, kabla ya kazi ya kwanza.

AMD ni prosesa nzuri, na soketi (mahali prosesa inapokaa) ya AM5 iliyoanza 2022 itakuwezesha kubadili prosesa baadaye bila kubadili mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote. Ukipiga picha za mnato tu, au ukiwa na kadi inayoifungua kamera yako, chukua AMD bila wasiwasi.

Kwa hiyo kadi ya grafiksi haina kazi?

Ina kazi, tena kubwa kwa mtumiaji wa DaVinci Resolve, kwa sababu programu hiyo hupitisha rangi na madoido karibu yote kwenye kadi. Adobe Premiere inaitumia pia, ila inaegemea prosesa zaidi. Lightroom inaihitaji pale unapoondoa chenga za picha za usiku kwa akili bandia: picha moja kwenye mashine isiyo na kadi inaweza kukuchukulia dakika kadhaa, na ukiwa na kadi ni sekunde.

Tazama kwanza memori ya kadi. Kwa 4K, GB 8 ndiyo chini kabisa, na GB 12 ina nafasi ya kupumua. RTX 3060 ya GB 12 ni ya 2021, lakini kwa Resolve ninaipendekeza mpaka leo. RTX 4060 ina GB 8 tu, ila inakula wati 115 pale ambapo 3060 inakula 170, na tofauti hiyo utaiona kwenye LUKU na kwenye joto la chumba.

Anayepiga paspoti, mahafali na picha za familia, asiyegusa video, aiache kadi kwanza. Pesa hiyo aiweke kwenye monita.

RAM kiasi gani?

Picha, GB 16. Video, GB 32. Nunua vijiti viwili vinavyofanana, si kimoja kikubwa, na kwenye mazabodi yenye nafasi nne uvichomeke nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. DDR4 na DDR5, vizazi viwili vya RAM, haziingiliani hata ukisukuma. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani kwa sababu viwanda vinazipeleka kwenye vituo vya akili bandia. Kwa hiyo mazabodi ya Intel inayokubali DDR4 bado ni chaguo la busara kwa mwenye bajeti finyu.

Na mazabodi?

Hapa usiumize kichwa. Kwa Intel ya kizazi cha 12 hadi 14 tafuta soketi LGA1700, chipseti B660 au B760, nafasi mbili za M.2 (za kuchomekea diski ndogo za kasi), na nafasi nne za RAM. Soma kwenye boksi kama ni ya DDR4 au DDR5. Taa za rangirangi hazirendi video.

Diski ziwe ngapi, na za ukubwa gani?

Tupige hesabu pamoja. Kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 12.5 kila sekunde, sawa na GB 45 kwa saa. Harusi yenye kamera mbili, kila moja ikirekodi saa tatu, ni GB 270. Bado send-off na kitchen party. Diski ya GB 512 inajaa kabla ya sherehe ya pili kuisha, hapo Windows na programu hujaziweka.

Mpangilio wangu ni huu. SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya NVMe, ile ya kasi inayochomekwa kwenye M.2, ya GB 500 kwa ajili ya Windows na programu. NVMe ya pili ya TB 1 au 2 kwa kazi inayoendelea. Kisha hadidiski ya kawaida ya TB 4 au zaidi kwa kazi zilizokwisha. NVMe ya kawaida ya PCIe 3.0 inasoma kama megabaiti 3,500 kwa sekunde, SSD ya SATA kama 550, na hadidiski chini ya 200 au 250. Kuediti moja kwa moja kwenye hadidiski ukiwa na kamera mbili kwa pamoja ni mateso, lakini kuhifadhia humo ni sawa kabisa.

Hadidiski ya pili ya nje si anasa. Nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo: hiyo ndiyo kanuni ya wahifadhi duniani kote, nami ninaishika. Nakala yangu ya tatu inalala kwa dada yangu Mikindani, kwenye kisanduku cha plastiki chenye vipakiti vya silika. Mwali akitoka unyagoni anatoka mara moja, na babu aliyecheza sindimba siku ile huenda msimu ujao hayupo. Memori kadi usiifute mpaka nakala mbili ziwe zimekamilika na umezifungua ukaziona.

Pawa saplai yoyote si inatosha tu?

Hapana, na hili naomba ulisome mara mbili.

Miaka kadhaa nyuma niliunga mashine kwa pesa finyu. Nilibana kwenye pawa saplai: nikachukua ile inayokuja bure ndani ya kesi, imeandikwa wati 500 kwa stika. Usiku mmoja umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, mara tatu ndani ya dakika moja. Nikasikia mlio mfupi, nikasikia harufu. Pawa saplai ilipokufa iliondoka na mazabodi pamoja na diski yenye video ya harusi ambayo nilikuwa sijaitolea nakala. Niliwarudishia wenyewe pesa yao. Harusi sikuweza kuwarudishia.

Nunua pawa saplai yenye alama ya 80 Plus (ya ufanisi wa umeme) kutoka kampuni inayojulikana, ya wati 550 au 650. Hesabu yake si ngumu: prosesa kama 12400 ikipandisha kasi inafika wati 117, kadi kama 3060 inafika 170, weka 80 za vitu vingine, jumla haifiki 400. Ziada inayobaki ni ya kuifanya ifanye kazi bila kuhema. Ishike mkononi dukani. Pawa saplai nyepesi kama boksi tupu irudishe. Na kama umelazimika kuchagua kati ya pawa saplai bora na kadi kubwa zaidi, chukua pawa saplai.

UPS je? Au stabilaiza?

UPS ni kifaa chenye betri kinachoibeba mashine umeme ukikatika; yenye kurekebisha volti ndani yake inafanya kazi zote mbili. Umeme wetu ni volti 230 kwenye karatasi, lakini jioni friji na viyoyozi vya mtaa mzima vikiwaka, taa zenyewe zinakuonyesha.

Mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, VA si wati: UPS ya VA 1000 mara nyingi inatoa wati 600 tu, wakati mwingine pungufu. Pili, pawa saplai nyingi za kisasa huwa hazipendi UPS za bei ya chini zinazotoa umeme wa ngazingazi. Umeme ukikatika, UPS inapiga kelele na kompyuta inazima palepale. Ukiweza, chukua inayotoa wimbi safi. Usipoweza, ijaribu dukani na kompyuta ikiwa na kazi, si ikiwa imekaa bure. Tatu, UPS inakupa dakika za kusevu na kuzima, haikupi saa za kurenda. Betri yake ni ya risasi na haipendi joto. Inakadiriwa kila nyuzi 10 juu ya 25 zinapunguza uhai wake kwa nusu. Usiifiche nyuma ya kabati.

Nikigusa kesi inanipiga kidogo kidogo. Imeharibika?

Yaelekea nyumba haina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), au soketi ya ukutani haikuungwa ethi. Pawa saplai nzuri ina kichujio kinachovujisha umeme kidogo sana kwenye kesi, na kazi ya ethi ni kuubeba. Ethi isipokuwepo, unaubeba wewe, na pia waya wa HDMI na kamera uliyoichomeka. Mwite fundi umeme apigilie nondo ya ethi kabla ya kuendelea. Kiatu cha mpira si suluhisho.

Nakaa Shangani, upepo wa bahari unaingia ndani. Kuna shida?

Ipo, na inaenda polepole. Hewa yenye chumvi na unyevu hula miguu ya shaba ya RAM na kadi, hutengeneza kutu kwenye skrubu, na vumbi likichanganyika na chumvi linageuka tope jembamba juu ya feni. Usiweke mashine chini ya dirisha linalotazama bahari. Chagua kesi yenye vichujio vya kutoa na kuosha, na feni za kuingiza hewa ziwe nyingi kuliko za kutoa, ili hewa iingie kupitia kwenye vichujio na si kwenye kila upenyo. Ifungue kila miezi mitatu, ipulize kwa blowa, ukizishika feni zisizunguke.

Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zikiwepo, iwashe kila siku hata kama huna kazi. Joto lake lenyewe linaikausha. Mashine iliyozimwa mwezi mzima kwenye chumba kilichofungwa ndiyo ninayoletewa ikiwa haiwaki, na mara nyingi kuchomoa RAM na kusafisha miguu yake kwa spiriti safi kunaiamsha.

Kupooza kwa maji sikupendekezi hapa. Pampu ikifa, spea yake haipo mtaani. Kupooza kwa hewa, bomba nne za shaba na feni moja kubwa, kunatosha prosesa zote nilizotaja, na feni ikifa unapata nyingine siku hiyohiyo.

Monita gani isiyodanganya rangi?

Tafuta paneli ya IPS (aina ya kioo cha monita) inayoonyesha sRGB, kiwango cha rangi cha mtandaoni na simu, kwa asilimia 100 au karibu yake. Inchi 24 kwa kuanzia, inchi 27 ya 1440p ukiwa na uwezo. Kwa video za mtandaoni na simu, sRGB inatosha. Huhitaji kulipia rangi pana ambazo mteja wako hatoziona kwenye WhatsApp.

Nina kipimo changu cha dukani: picha ya kinyago cha mpingo niliyoipiga mwenyewe, iko kwenye flashi. Mpingo ni mweusi juu ya weusi. Kwenye monita mbovu kinyago kinakuwa kipande kimoja cheusi. Kwenye nzuri unaona alama za patasi na mng'ao wa mbao. Picha ya pili ni ya hina kwenye mkono wa bibi harusi. Hina ikionekana nyekundu ya nyanya, tembea.

Kifaa cha kupimia rangi ni ghali kwa mtu mmoja, na unakitumia mara moja kwa mwezi. Studio nne zinaweza kununua kimoja zikazungusha. Punguza mwanga wa monita kabla ya kuediti, kwa sababu watu wengi hufanya kazi kwenye mwanga wa juu kabisa, halafu albamu zikitoka kuchapwa wanashangaa zina giza.

Nikinunua kompyuta ya ofisini ya mtumba nikaongeza kadi?

Inawezekana kwa picha za mnato. Lakini kompyuta nyingi za ofisini, zikiwemo Dell OptiPlex, zina pawa saplai ndogo yenye plagi za kiwandani peke yake; huwezi kuweka ya kawaida kirahisi, na kadi kubwa haipati umeme. Angalia pia kizazi: Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

Nitajuaje kifaa ni halisi, nikienda Kariakoo?

Nenda na flashi yenye programu tatu. GPU-Z inakuambia chipu halisi ya kadi. Zipo kadi za zamani kabisa zilizobadilishwa jina ndani zikasomeka kama GTX 1050 Ti. CrystalDiskInfo inakuonyesha diski imefanya kazi saa ngapi, kwa hiyo "mpya" yenye saa elfu kumi itajulikana. H2testw inaijaza diski au flashi na kuisoma tena, ikithibitisha kwamba GB zilizoandikwa zipo kweli. Muuzaji mwaminifu hatokukatalia kujaribu. Anayekataa, mshukuru uende fremu ya pili.

Kadi za mtumba zilizochimba sarafu za kidijitali zilimwagwa sokoni baada ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022. Si zote mbovu. Ibebeshe kazi nzito dakika ishirini mbele yako, sikiliza feni, tazama joto.

Ukirudi na basi, ni zaidi ya kilomita 550. Kadi na kipoozeo kikubwa vitoe, vibebe kwenye maboksi yake mapajani. Vikibaki vimening'inia kwenye mazabodi, mtikisiko unaivunja nafasi yake. Na ununue pawa saplai ya akiba safari hiyohiyo kama unaishi kwa kazi hii. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar kwenda Lindi, spea zilikaa ng'ambo na sherehe hazikusubiri.

Ninaweza kuiunga mwenyewe, sijawahi?

Unaweza, mchana mmoja, kwa bisibisi moja ya nyota. Gusa chuma cha kesi kabla ya kushika kifaa, ingawa unyevu wetu unapunguza sana umeme tuli. Kwenye soketi ya Intel, pini ziko upande wa mazabodi na ni laini kuliko unavyodhani: usiziguse, usiangushe kitu juu yake. Chomoa plastiki iliyo chini ya kipoozeo kabla ya kukifunga. Na zipo plagi mbili za umeme wa mazabodi, ile kubwa ya pini 24 na ile ya pini 8 karibu na prosesa, ambayo karibu kila mwanafunzi wangu huisahau.

Nimeiunga, feni zinazunguka, kioo cheusi. Nimeunguza?

Pengine hujaunguza chochote. Waya wa monita uwe kwenye kadi, si kwenye mazabodi, kama umeweka kadi. Angalia ile plagi ya pini 8. Chomoa RAM zote, rudisha kijiti kimoja kwenye nafasi ya pili, bonyeza mpaka usikie klik. Kama ni DDR5, mara ya kwanza mashine inaweza kukaa dakika kadhaa ikiipima RAM huku kioo kikiwa cheusi. Usiizime. Kanywe chai, urudi baada ya dakika kumi uangalie.